Magari ya Moshi ya Zamani huko Nairobi

Mama apikapo mihogo, tazama sufuria yake. Maji yakianza kuchemka, kifuniko hutikisika. Hupanda, hushuka, na sauti yake husikika mpaka nje. Mama akiweka jiwe juu yake, jiwe nalo huanza kucheza. Ni nani anayeliinua? Si moto, maana moto uko chini. Si maji, maana maji yamo ndani. Ni mvuke. Maji yakipata moto mwingi hugeuka kuwa mvuke, na mvuke hutaka nafasi kubwa kuliko maji. Maji ya kikombe kimoja yakigeuka yote kuwa mvuke, mvuke huo utajaza vikombe zaidi ya 1,600. Basi ukiufunga mahali padogo, utasukuma kwa nguvu mpaka upate njia ya kutoka.

Kila mpishi wa Fizi na Baraka amejua jambo hilo tangu zamani. Lakini watu walikawia sana kuupa mvuke kazi ya kufanya. Katika mwaka wa 1712 Mwingereza mmoja, Thomas Newcomen, alitengeneza mashine ya mvuke ya kutoa maji katika mashimo ya machimbo. Katika mwaka wa 1804 mwingine, Richard Trevithick, alisimamisha mashine ya mvuke juu ya magurudumu, nayo ikavuta magari juu ya reli katika nchi ya Wales. Ndiyo ilikuwa injini ya kwanza ya gari la moshi.

Siku zile, na miaka mingi baadaye, katika nchi za Ziwa Tanganyika kila mzigo ulichukuliwa kichwani au begani mwa mtu. Nguo, chumvi, shaba, pembe za ndovu, vyote vilikwenda kwa miguu. Wamisionari wa kwanza wa shirika la Mapadri Weupe walitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Miezi saba njiani! Padri Pascal, mmoja wao, hakufika. Alikufa katikati ya safari. Na wachukuzi waliokufa katika misafara ya namna hiyo ni wengi mno, na majina yao hayakuandikwa.

Halafu reli ikafika ziwani, tena pande zote mbili. Upande wa mashariki Wajerumani walijenga reli kutoka Dar es Salaam, nayo ilifika Kigoma katika mwaka wa 1914. Upande wa magharibi Wabelgiji walijenga reli kutoka Kabalo, penye mto Lualaba. Ilifika ziwani katika mwaka wa 1915, katika mji ulioitwa Albertville, ambao leo ni Kalemie. Safari iliyowachosha watu miezi saba ikawa safari ya siku mbili tatu.

Magari yale yote yalivutwa kwa mvuke. Baadaye zilikuja injini za dizeli, nazo zikashika kazi yote. Mtoto wa Baraka aweza kusikia habari za mvuke kwa wazee waliosafiri Kalemie au Kigoma zamani, lakini injini yenyewe haioni. Mahali pazuri pa kuiona katika Afrika ya Mashariki ni Nairobi, mji mkuu wa Kenya.

Karibu na stesheni ya Nairobi iko nyumba ya makumbusho ya reli. Makumbusho ni mahali pa kuweka vitu vya kale ili watu wasivisahau. Haya ya Nairobi yalifunguliwa katika mwaka wa 1971 na Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki, ambalo wakati ule lilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Mtunzaji wake wa kwanza aliitwa Fred Jordan. Kazi yake ilikuja kwa wakati wake, maana siku zile injini za mvuke zilikuwa zikiondolewa kazini moja moja, na iliyoondolewa hukatwa vipande, chuma chake kikauzwa. Chache zilisogezwa mpaka uwanja huo, zikapona.

Nyumba yenyewe si kubwa, nayo imejaa taa, kengele, saa, picha na vyombo vya watumishi wa reli. Vyote ni vizuri kutazama. Lakini mgeni asikawie sana ndani, maana jambo kuu liko nje, uwanjani.

Nje zimesimama injini zenyewe, nyeusi na nyekundu, juu ya reli zao. Kila moja ina namba, na nyingi zina majina. Nyingine zilipewa majina ya makabila: injini namba 3020 inaitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida katika Tanzania, na namba 3123 inaitwa Bavuma, kwa jina la watu wa visiwa vya Buvuma katika Uganda. Hakuna iliyoitwa Babembe, kwa sababu reli ile haikuvuka Ziwa Tanganyika.

Iliyo kubwa kuliko nyingi ni namba 5918, Mount Gelai. Gelai ni mlima ulio kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Injini za namna hii zilikuwa 34, nazo zote ziliitwa kwa majina ya milima. Zilitengenezwa katika mji wa Manchester, Uingereza, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, miaka ya 1955 na 1956. Uzito wa moja ni karibu tani 252. Urefu wake wapita meta 31: wanafunzi 24 hivi wakinyoosha mikono na kushikana vidole, ndipo watakapoenea toka mwisho mmoja mpaka wa pili. Katika dunia nzima, reli ya upana wa meta moja haikupata kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizi. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa, penye bahari, mpaka Nairobi, mahali palipoinuka meta zaidi ya 1,600. Mtu aliyekwisha kupanda njia ya kutoka Baraka mpaka Fizi na mzigo kichwani ataelewa vema kazi hiyo.

Lakini jinsi gani chuma kirefu hivi chaweza kupita penye kona bila kutoka relini? Tazama watu wawili wanaochukua mgonjwa katika kipoyi. Mmoja yuko mbele, mmoja nyuma, na mgonjwa amelala katikati. Njia ikipinda, mchukuzi wa mbele hugeuka kwanza, wa nyuma humfuata, na mgonjwa hakunjwi. Mount Gelai imetengenezwa vivyo hivyo. Mbele kuna kundi la magurudumu lililobeba tangi la maji. Nyuma kuna kundi jingine lililobeba mafuta. Katikati boila, yaani pipa kubwa la kuchemshia maji, limelala kama mgonjwa, na makundi yale mawili yanalichukua. Kila kundi laweza kugeuka peke yake. Injini za namna hii huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyebuni umbo hilo.

Sasa tuone jinsi mvuke unavyofanya kazi. Nyuma ya boila kuna sanduku la moto. Injini za kwanza zilikula kuni, nyingine makaa ya mawe. Mount Gelai ilikula mafuta mazito meusi. Hewa ya moto hutoka sandukuni, hupita ndani ya mabomba mengi, na mabomba hayo yamezungukwa na maji pande zote. Maji huchemka, mvuke hukusanyika juu. Dereva akivuta mkono wa chuma, mvuke hukimbilia ndani ya silinda. Humo mna pistoni, nayo ni kama mchi ndani ya kinu, ila kinu hiki kimelala ubavu. Mvuke husukuma mchi mbele, kisha huingia upande wa pili na kuurudisha nyuma. Fimbo nene ya chuma huunganisha mchi na magurudumu, nayo huzunguka. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hutoka kwa bomba la moshi kwa kishindo. Ndiyo sauti ile ambayo watoto huigiza wakicheza gari la moshi: chu, chu, chu!

Kazi ya dereva watu wengi huisifu, na ya mchochea moto huisahau. Mbele ya mchochea moto kuna bomba dogo la kioo, refu kama kiganja cha mkono au kupita kidogo. Ndani yake huonekana kimo cha maji yaliyomo bolani. Bati la juu la sanduku la moto lapaswa kufunikwa na maji sikuzote. Maji yakipungua hata bati likawa kavu, moto hulifanya laini, na mvuke hulipasua. Boila likipasuka, aliye karibu haponi. Kwa hiyo mchochea moto alikitazama kioo kile mchana na usiku, penye mlima na penye bonde, mvua ikinyesha na moshi ukimwingia machoni. Abiria waliolala katika mabehewa nyuma hawakumjua hata jina.

Katika makumbusho kuna behewa moja la zamani ambalo wageni hulizunguka wakisema kwa sauti ndogo. Habari yake ni hii. Mwezi wa Juni 1900, mahali panapoitwa Kima, kati ya Mombasa na Nairobi, alikuwako simba aliyekula watu wa stesheni. Mkuu mmoja wa polisi ya reli, Charles Ryall, alikuja na wenzake wawili ili wamwue. Behewa lao likasimamishwa kando ya njia. Usiku mmoja alikuwa analala kitandani juu, mmoja sakafuni, na Ryall akakaa zamu penye dirisha, bunduki mkononi. Usiku ukawa mrefu, Ryall akapatwa na usingizi. Simba akaja kimya, akaingia kwa mlango. Kwa uzito wake behewa likainama upande mmoja, na mlango ukajifunga nyuma yake. Simba akamkanyaga yule wa sakafuni, akamshika Ryall, akatoka naye kwa dirisha. Baadaye simba yule alinaswa katika mtego. Behewa lenyewe lipo hata leo, na dirisha lake.

Simba wa Kima hakuwa peke yake. Miaka miwili mbele yake, katika mwaka wa 1898, simba wawili wa Tsavo waliwaua wajenzi wengi wa daraja, hata kazi ikasimama. Watu hupenda kusimulia habari hizo za simba. Lakini simba hawakuua wengi kama ugonjwa na ajali. Reli ile ilianzwa Mombasa katika mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na Ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Wafanya kazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Katika Kongo nako, reli ya kutoka Matadi mpaka Kinshasa ilijengwa tangu 1890 mpaka 1898, na hesabu ya wakuu wenyewe ilitaja Waafrika 1,800 waliokufa. Wengi huamini kwamba walikuwa zaidi. Anayesimama mbele ya injini nzuri iliyopakwa rangi, inafaa aitazame pia reli iliyo chini yake, na kufikiri ni nani aliyeilaza pale.

Ndani ya nyumba kuna kitu ambacho mtu wa Baraka akikiona atasimama mara moja. Ni mfano mdogo wa meli Liemba. Kwa nini meli ya Ziwa Tanganyika imewekwa katika makumbusho ya reli? Kwa sababu meli hiyo ilikuja kwa gari la moshi! Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, katika mwaka wa 1913. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kwa reli mpaka upande wa Kigoma. Huko mafundi waliiunga tena, ikaingia majini katika mwaka wa 1915. Wakati ule iliitwa Graf von Götzen, na mashine zake zilikuwa za mvuke.

Ilikuwa wakati wa vita. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliona ya kuwa adui anakaribia, wakaizamisha meli wao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nyingi, kila mahali, ili maji yasizile. Je, walitumaini kurudi? Yawezekana. Au pengine fundi hawezi kuacha mashine nzuri ioze, hata kama itakwenda kwa adui. Katika mwaka wa 1924 Waingereza waliitoa chini ya ziwa, nayo mashine zake zikaonekana bado zafaa. Katika mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa. Ilikwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ndipo ikapewa mashine za dizeli.

Watu wa Fizi na Baraka wanayo sababu yao ya kuikumbuka. Katika mwaka wa 1996, vita vilipokuja, maelfu walivuka ziwa wakakimbilia Kigoma. Katika mwaka wa 1997 shirika la Umoja wa Mataifa linalosaidia wakimbizi liliitumia Liemba kuwarudisha watu. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Huenda bibi au mjomba wa msomaji alikuwa mmoja wao. Aulizwe, naye ataeleza mengi kuliko mfano ule wa Nairobi.

Turudi uwanjani. Injini iliyozimwa haikai kama jiwe likaavyo. Mvua huingia kwa bomba la moshi, kutu hula mabomba kutoka ndani, mafuta ya viungo hukauka. Rangi ya nje yaweza kung'aa, na ndani kumeoza. Kwa hiyo wapenda reli hawakutaka injini zote za Nairobi ziwe za kutazamwa tu. Baada ya kusimama miaka mingi, Mount Gelai ilitengenezwa tena, na Nyaturu vilevile. Zikawashwa moto, zikatoka uwanjani, maana reli za makumbusho zimeunganishwa na zile za stesheni, zikavuta mabehewa yenye abiria.

Kazi hiyo haifundishwi na kitabu peke yake. Kitabu chaweza kusema moto uwe wa kiasi gani. Lakini mzee aliyefanya kazi miaka thelathini husikiliza sauti ya mvuke, hutazama rangi ya moshi, akajua kuna kasoro wapi. Moshi mweusi mzito ni mafuta yapoteayo bure; ukiwa mwembamba, moto unawaka vema. Wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka, kwa kuwa injini za mvuke ziliondolewa katika kazi ya kila siku karibu na mwaka wa 1980. Kijana asiyejifunza kwao sasa, kesho atajifunza kwa nani?

Siku ya kuwasha, kazi huanza mapema sana, watu wakiwa bado wamelala. Boila hujazwa maji safi. Moto huwashwa mdogo, maana chuma kikipashwa moto kwa haraka huvutana na kupasuka penye viungo. Kwa saa nyingi huonekana kama hakuna jambo. Fundi huzunguka na chombo chake cha mafuta, akitia tone hapa na tone pale, kila penye kiungo. Vijana hupangusa vumbi. Mara kwa mara mmoja huweka kiganja karibu na boila, akaona joto limeongezeka. Kisha mahali fulani hutoka mlio mwembamba, kama wa nyoka majanini. Mshale wa kipimo cha mvuke, uliolala tangu usiku, hujitikisa, huinuka kidogo kidogo. Mchochea moto hutazama kioo chake: maji yako mahali pake. Ndipo dereva huvuta kamba ya filimbi, na watu wote katika stesheni hugeuza vichwa.

Maswali

1. Ni nini kinachoinua kifuniko cha sufuria?
2. Safari ya mapadri kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilichukua miezi mingapi? Reli ilifika Kigoma mwaka gani?
3. Eleza kwa maneno yako jinsi injini ya Garratt inavyopita penye kona. Waweza kuchora picha.
4. Kwa nini mchochea moto hutazama kioo cha maji sikuzote?
5. Kwa nini mafundi walizipaka grisi mashine za meli kabla ya kuizamisha?
6. Uliza mzee mmoja wa kijiji chako: alisafiri kwa gari la moshi au kwa Liemba? Alikwenda wapi, naye aliona nini? Andika majibu yake.